Fundi wa Penalti

Msomaji, kabla hujaniita mhuni naomba unisikilize. Nimekula hela ya njumu za mdogo wangu. Sikuila kwa pombe wala kwa mwanamke, na ingekuwa afadhali, maana hayo mawili watu wa Endasak wanayaelewa na wana adhabu zake. Mimi nimeila kwa kumfundisha kupiga penalti mtu ambaye hayupo duniani.

Nina miaka 24. Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2019, matokeo yakatoka, mama akayatazama, akayakunja, akayaweka kwenye sanduku la vitenge, na tangu siku hiyo hatujayazungumza. Nipo nyumbani Endasak, wilaya ya Hanang, palepale lami ya Babati kwenda Singida inapopita. Basi likisimama akina mama wanakimbilia madirishani na mahindi ya kuchemsha na mayai, basi likiondoka vumbi linatua na tunarudi kuutazama mlima. Mlima nao unatutazama, zaidi ya mita 3,400 kwenda juu, kofia ya mawingu kichwani kama mzee aliyekuja kudai deni.

Mimi ni mwandishi. Nasema hivyo kwa kifua ingawa hakuna aliyenichapa bado. Riwaya yangu imejaza kaunta buku mbili na sasa nipo kwenye ya tatu. Shujaa wake ni mpelelezi kijana anayejua karate, anajua kuendesha kila gari, anajua lugha nne, na anapiga risasi bila kukosa. Mwalimu wangu mmoja wa zamani alisoma sura tano, akanirudishia daftari na kuniuliza swali moja tu: "Huyu mtu wako, vyote hivi alijifunza lini?" Nilimwona mzee hana habari na mambo ya kisasa. Swali hilo nitalirudia.

Sasa gemu lenyewe. Linaitwa Top Eleven, lilianza mwaka 2010, limetengenezwa na kampuni ya Nordeus ya mjini Belgrade, huko Serbia, na kwa miaka kadhaa José Mourinho mwenyewe ndiye aliyekuwa sura yake. Humo huchezi mpira. Wewe ni meneja. Unasajili, unapanga kikosi, unafanyisha watu mazoezi, halafu mechi inachezwa saa yake ikifika, uwe umeshika simu au upo shambani unapalilia mbaazi. Ligi ina timu 14, msimu unakwisha kwa siku 28, na ukipanda msimu mpya wachezaji wako wote wanashuka nyota moja ya ubora, hivyo unaanza kupanda ngazi upya kama mjinga. Timu yangu nimeiita Balangida, jina la lile ziwa la magadi huku kwetu. Nadhani ndiyo timu pekee duniani yenye jina hilo, na iliwahi kuwa ya pili kwenye ligi yenye Waturuki na Wabrazil. Mameneja wenzangu hao sijui kama wanajua Hanang ni mlima au ni ugonjwa.

Kwenye gemu hilo mchezaji anaweza kufundishwa ujuzi wa pekee mbali na ubora wake wa kawaida. Kuna fundi wa frikiki, fundi wa kona, fundi wa penalti, kuna mchezesha timu, kuna beki wa mipira ya juu, na kipa wa kumkabili mtu aliyebaki naye ana kwa ana. Unamchagua mtu, unamchagulia ujuzi, halafu kila zoezi analofanya linajaza mstari mdogo hadi ujae. Mstari ukijaa anapata alama yake kando ya jina, kama mtu aliyevalishwa nishani. Kijana anajifunza upesi kuliko mtu mzima. Lakini mazoezi yanamchosha, na akichoka inabidi usubiri apumzike mwenyewe au umpe dawa ya kijani ya kumrudishia pumzi. Dawa zikikuishia unanunua, au unatazama matangazo ya video upewe.

Hapo ndipo hela ya njumu ilipoingia.

Nilikuwa na mshambuliaji wa miaka 18, jina lake silisomeki kwa kinywa cha Mtanzania, nikambatiza Dogo Mgeni. Nikaamua huyu atakuwa fundi wa penalti hata kama mbingu zitaanguka. Kila tangazo nililotazama lilikula bando. Bando la asubuhi lilikwisha saa nne, nikanunua la mchana, la mchana likafa kabla ya mbuzi kurudi. Elfu moja leo, elfu moja na mia tano kesho. Si unajua tena, hela ya mtu ikikaa mfukoni mwako inaanza kukuita kaka.

Hela ilikuwa shilingi 22,000. Mdogo wangu yuko kidato cha tatu, ana kuku wake watano, anauza mayai pale barabarani, na kila wiki alikuwa ananiletea mimi nimtunzie kwa sababu mimi ndiye mkubwa. Walishamwambia mnadani Katesh kwamba njumu za mtumba nzuri ni 25,000. Alibakiza elfu tatu. Mguu wake wa kushoto, msomaji, siusifii kwa sababu ni damu yangu, lakini mpira ukikutana na mguu ule unatoa mlio tofauti. Hapo alikuwa anacheza pekupeku au kwa raba ambazo soli moja ilishaaga.

Utauliza kwa nini penalti, kwa nini si kona wala frikiki. Hapa nalazimika kufungua kidonda. Nilipokuwa kidato cha tatu nilichezea timu ya shule kwenye UMISSETA ngazi ya wilaya. Sare, mikwaju, mimi wa tano. Nakumbuka jinsi nilivyouweka mpira, nikaupangusa kwa jezi kama nilivyoona kwenye televisheni, nikarudi hatua nane, hatua ambazo hata Wazungu hawarudi. Nilipaisha. Mpira ulipita juu ya mtambaa panya, ukapita juu ya mti, ukaangukia kwenye shamba la alizeti, na ulitafutwa hadi jioni. Kuanzia siku hiyo jina langu kijiweni ni Satelaiti. Miaka inapita, watu wanaoa, wanakwenda Arusha na kurudi, mimi bado Satelaiti. Sikugusa mpira tena. Nikawa meneja.

Kwa hiyo Dogo Mgeni hakuwa anajifunza penalti kwa ajili ya Balangida tu.

Alihitimu siku ya Alhamisi usiku. Alama yake ikatokea kando ya jina, nikaipiga picha kwa vidole vyangu kwenye kioo kilichopasuka, nikacheka peke yangu gizani. Mfukoni ilibaki mia tano. Basi bwana, msimu ule mzima tulipata penalti moja, na ilichezwa wakati simu yangu iko kibandani inachajiwa. Nilikuja kukuta imeandikwa kwamba amefunga. Ndiyo hivyo, nilisoma habari ya bao langu mwenyewe kama naisoma gazetini.

Jumamosi mdogo wangu akaja na elfu tatu zake za mwisho. "Kaka, zimetimia. Kesho kutwa kuna gari la mnadani."

Mwandishi mzima, mtu wa sura arobaini na mbili, sikupata sentensi. Nilimwambia hela haipo. Akauliza imekwenda wapi, nikamwonyesha simu. Nikamfungulia kikosi, nikamwonyesha Dogo Mgeni na ile alama yake. Sijui nilifikiri nini, labda nilidhani ataona uzuri wake. Aliitazama simu muda mrefu. Hakupiga kelele, na mimi nilitaka apige. Kisha akasema, "Huyu ameshajua?"

"Ameshajua."

"Basi nifundishe na mimi."

Usiku ule mama aliuliza mezani hela ya mtoto iko wapi. Mdogo wangu akajibu huku akikata ugali, "Ipo kwa kaka." Hakudanganya hata neno moja. Niliondoka mezani nikaenda kusimama uani, mbwa akanifuata.

Kesho yake jioni tukaenda uwanjani. Uwanja wetu magoli ni miti mitatu tu iliyofungwa kwa kamba, na saa kumi na moja ng'ombe wanakatiza katikati na hakuna refa anayeweza kuwapa kadi. Kitu cha kwanza nilichogundua ni kwamba goli letu ni dogo. Goli la sheria ni mita 7.32 kwa 2.44, letu nililipima kwa kamba ya mbuzi likawa mita sita na kidogo. Nikafurahi, nikasema atakayezoea hili, lile la sheria ataliona kama mlango wa kanisa. Tukapima mita 11 kutoka mstarini, tukaweka bapa la jiwe kama alama. Penalti imekuwepo tangu 1891, aliyeibuni alikuwa kipa, William McCrum wa Ireland, na mimi jioni ile nilimlaani sana marehemu huyo kwa sababu nilijiteua kuwa kipa.

Mapatano yalikuwa haya: kila akinifunga, ninamlipa shilingi 200. Deni la 22,000 ni mabao 110. Wazo hilo sikulitoa kichwani mwangu. Nilishawahi kusoma habari za Antonín Panenka, yule Mcheki aliyemtegua kipa wa Ujerumani Magharibi kwenye fainali ya Ulaya ya 1976 kwa kuuchota mpira taratibu katikati ya goli kipa akiwa ameshajitupa. Watu wanadhani ilimjia palepale. Kumbe kwenye klabu yake alikuwa akibaki na kipa wao baada ya mazoezi wanapigiana penalti kwa dau la bia na chokoleti, na kipa akawa anamla, ndipo akaanza kuwaza usiku namna ya kumtegua. Aliifanyia kazi kama miaka miwili kabla ya fainali ile. Na fainali ile, msomaji, ilichezwa Belgrade, mji uleule walikotengenezea gemu langu. Sikuongezea chumvi, ni hivyo.

Miaka miwili. Dogo Mgeni nilimaliza naye ndani ya wiki tatu, na alijifunza huku nimelala.

Nikwambie tofauti. Kwenye simu, mstari ukisogea haurudi nyuma. Mdogo wangu siku ya kwanza alipiga 30 akanifunga 19, siku ya pili akanifunga 11, siku ya tatu upepo wa Hanang ukavuma kutoka kushoto akanifunga saba, akakaa chini akasema mguu umesahau. Nikatafuta kwenye kichwa changu kitufe cha kubonyeza, hakipo. Ukucha wa dole gumba la kushoto ukawa mweusi kama zabibu. Dawa ya kijani haipo pia, kuna maji ya moto na chumvi, na mama anayeuliza mbona mtoto anachechemea na wewe kaka yake unatazama. Siku mbili tukapumzika. Siku hizo mbili kwenye simu angekuwa ameshaondoka na alama.

Nina binamu Arusha ana kompyuta, yeye anacheza Football Manager, mjukuu wa ile Championship Manager ambayo wale ndugu wawili wa Kiingereza, akina Collyer, waliitoa mwaka 1992. Nilimpigia kumwomba ushauri, nikaona aibu kumwambia ni wa mtoto halisi. Aliniambia kwao ni kugumu zaidi. Unamwambia mchezaji ajifunze tabia fulani, miezi inapita, halafu kocha anakuja kukuarifu kwamba ameshindwa. Mwingine anakataa tangu mwanzo. Wengine wanaachwa wakae karibu na mchezaji mkubwa anayeheshimika, tabia inawaambukiza. Nilimwuliza, na mchezaji mkubwa mwenyewe akiwa ni wa hovyo? Akacheka, akasema basi wataambukizwa uhovyo. Nilikata simu nikasema salio limeisha. Lilikuwa limeisha kweli.

Maana hofu yangu ndiyo hiyo. Nilikuwa nimesimama golini, mimi Satelaiti, nikimfundisha mtoto kitu ambacho mimi kilinishinda mbele ya umati. Wazee wa hapa wanasema sisi watu wa pande hizi Mungu ametupa mapafu, mpira ametupitisha mbali. Wanakutajia Gidamis Shahanga wa huku kwetu Hanang aliyeshinda marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edmonton mwaka 1978, wanakutajia John Stephen Akhwari wa Mbulu aliyemaliza mbio Mexico 1968 akiwa na goti limefungwa bandeji, halafu wanakuuliza, mchezaji gani wa mpira ametoka Endasak? Unanyamaza. Lakini Akhwari siku ile alikuwa wa mwisho, na ndiye anayetajwa. Hilo sijamwambia mdogo wangu, asije akadhani namwandaa kukosa.

Kitu nilichoweza kumfundisha kilikuwa kimoja: usirudi hatua nane. Rudi nne. Kila hatua ya ziada ni mahali pa kuingilia shetani. Nikamwambia nilichokuwa nawaza kwenye kila hatua siku yangu: ya kwanza niliwaza kulia, ya tatu nikawaza kushoto, ya tano nikamwona binti mmoja wa kidato cha pili amefunika macho, ya saba nikawaza mama. Ya nane sikuwaza kitu. Alisimama anasikiliza, mpira kwapani. Nadhani ndiyo mara ya kwanza nilimsimulia mtu. Miaka yote hiyo naandika mpelelezi asiyekosa risasi, na penalti ile haijaingia hata kwenye ukurasa mmoja.

Upande wa pili nikamfundisha kwa kuwa kipa kweli. Nilijifanya Juma Kaseja, yule aliyewazuia Zamalek kwa mikwaju kulekule Cairo mwaka 2003 Simba ikapita. Mdogo wangu ni Yanga, kwa hiyo nilipotaja jina hilo alikuwa anapiga kwa hasira na mipira ikawa mikali. Nilivimba mbavu. Tulikuwa tunaondoka giza likiingia, na mawingu yakianza kuwa mazito tulikuwa tunakimbia, maana tangu ile Desemba 2023, matope yalipotoka mlimani yakawazika watu Katesh na Gendabi, mama hataki kusikia mvua imetukuta nje.

Hela nilikuwa naitafuta kwa kupakia magunia ya mbaazi kwenye fuso la mfanyabiashara mmoja. Kila jioni nilihesabu mabao, nikatia 200, 200 kwenye kopo la maziwa. Simu ilikaa siku tisa bila bando. Nilipoifungua nikakuta Balangida imefungwa mechi tano na Dogo Mgeni ana alama yake ileile kando ya jina, kimya, kama kikombe kwenye kabati la wageni.

Mechi yao ya mchujo wa UMISSETA ilikuja tukiwa tumefika bao la 79. Njumu zilikuwa bado hazijatimia. Aliazima kwa rafiki yake, namba mbili zaidi, tukajaza soksi mbele. Nilisimama nyuma ya goli la wapinzani, sikutaka kukaa na kijiwe. Dakika ya hamsini na kitu beki akaunawa mpira, refa akaweka filimbi mdomoni, na mimi nikashika mti wa goli kwa mikono miwili.

Mdogo wangu aliukimbilia mpira. Aliuweka. Akarudi hatua nne, nilizihesabu: moja, mbili, tatu, nne.

Mwalimu wa michezo akapaza sauti kutoka kando, akamwonyesha nahodha.

Kwenye simu ni mimi ninayechagua mpigaji. Unagusa jina, imekwisha. Hapa nilifungua mdomo na hakikutoka kitu, ningesema nini, mimi nani, Satelaiti? Mdogo wangu alisimama pale sekunde moja zaidi ya heshima, akampisha nahodha, akatembea hadi katikati ya uwanja na njumu zake kubwa zikipiga pwata, pwata. Nahodha alifunga. Kulia, chini, safi, siwezi kusema vinginevyo. Timu ikashinda 1–0, mdogo wangu akamkimbilia na kumkumbatia na wengine, na sikuona usoni mwake kama ilikuwa ya kweli au ya kuzuga.

Tulirudi nyumbani kwa miguu bila maneno. Nilikuwa natunga sentensi ya kumpoza, nimeitunga nikaifuta, nikatunga nyingine. Ningeiandika kwenye riwaya ingependeza. Tulipofika karibu na uwanja wetu ng'ombe walikuwa ndio wanamalizia kupita. Alikaa chini, akavua njumu za watu, akatoa soksi mbelembele, akauangalia ukucha wake.

"Bado unadaiwa mabao thelathini na moja," akasema. "Ingia golini."

Nilimwambia giza linaingia. Akasema hata yeye analiona. Nikavua koti, nikaingia golini, naye akauweka mpira kwenye lile bapa la jiwe, pekupeku.